Seva Zilizojiondoa Njiani

WhatsApp, mali ya Facebook, iliponyamaza karibu saa moja jioni, Oktoba 4, 2021, mafundi wengi waliandika ping facebook.com, wakaambiwa jina halikupatikana, wakazima ruta na kuiwasha. Miaka yote nimelalamikia vyuo vinavyofanya ping kuwa dawa ya kila ugonjwa. Jina lisipopatikana, ping haijamfikishia mlengwa pakiti hata moja.

Ukweli ulikuwa kwenye dig. Resolva zilirudisha SERVFAIL, si NXDOMAIN: jina lipo, wa kulijibia hapatikani. Ukiongeza +trace, ulishuka salama kutoka mzizi hadi seva za .com, ukapewa nne za Facebook, a hadi d, kisha kimya. Njia zake za BGP zilikuwa zimeondolewa, na aliyeziondoa ni Facebook yenyewe.

Amri iliyokata uti wa mgongo wa mtandao wao ilikuwa kosa la kazini, na chombo cha ukaguzi kilichotakiwa kuizuia kilikuwa na kasoro. Hayo hutokea. Nisichokubali ni uamuzi uliokuwa umeshakaa kwenye usanifu: seva ya DNS isipovifikia vituo vya data, ijihesabu mgonjwa na ifute tangazo lake la BGP. Kwa kituo kimoja, sawa kabisa. Lakini seva zote, dunia nzima, zikijiona wagonjwa kwa wakati mmoja, ugonjwa hauko kwao. Palitakiwa sharti moja tu: idadi fulani isijiondoe kamwe, iendelee kujibu kwa kumbukumbu ilizonazo. Facebook isingefunguka kwa hilo, nakubali, ila wahandisi wangebakiwa na sehemu ya zana zao. Bila DNS nazo zilikufa, ikabidi watu wapelekwe hadi kwenye vituo, ambako ulinzi uliwachelewesha kuzifikia mashine.

Paul Mockapetris alipobuni DNS mwaka 1983 aliruhusu jina moja liwe na seva nyingi ili moja ikianguka nyingine ijibu. RFC 2182 ya 1997 ikasisitiza zitawanywe, kijiografia na kimtandao. Seva nne za Facebook zote zilikaa ndani ya AS32934, mtandao wake mmoja. Wazee wale hawakuwa na mabilioni ya dola, walikuwa na tahadhari.

Walichofanya vizuri Facebook ni kurudisha huduma polepole ili umeme wa vituo usizidiwe.

Wewe unayesimamia mtandao wa benki, chuo au wizara, andika leo dig NS na jina la taasisi yako, kisha fuatilia anwani za seva zilizotajwa. Zikiwa zote kwa mtoa huduma mmoja, hamisha angalau moja.