Beki Anayemwacha Mtu Wake

Kila mechi ya watani wa jadi wa Adelaide, katika kandanda ya Kiaustralia, inapokaribia, mazungumzo huhamia kwa wafungaji: nani yuko moto, goti la nani limepona, nani atakabwa na nani. Ni haki yao. Lakini kwa Showdown ijayo, Port Adelaide dhidi ya Adelaide Crows, ningependa kumwelekeza mtazamaji kwa mtu mwingine kabisa, mtu ambaye kwa sehemu kubwa ya mchezo hana mpira, hayuko jirani na mpira, na mara nyingine haonekani hata kumkaba mpinzani aliyekabidhiwa. Anaitwa Aliir Aliir, beki wa Port. Alizaliwa mwaka 1994 Kakuma, kule Turkana, katika kambi ya wakimbizi iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, familia yake ikiwa imekimbia vita vya Sudan. Mwaka 2021 aliitwa kwenye kikosi bora cha msimu cha ligi nzima ya Australia. Kazi iliyomfikisha huko ni kudaka mipira ambayo haikupigwa kwake.

Kwanza uhasama, maana bila huo mechi hii haina chumvi. Port Adelaide ni klabu ya bandarini, iliyoanzishwa mwaka 1870, yenye mataji 36 ya ligi ya jimbo la Australia Kusini na majivuno yanayolingana na mataji hayo. Mwaka 1990 viongozi wake walijadiliana kwa siri na ligi ya taifa, AFL, ili waingie peke yao. Siri ikavuja, klabu nyingine za jimbo zikakimbilia mahakamani, na chama cha jimbo kikaunda haraka haraka timu mpya ya kuwawakilisha wote: Adelaide Crows, iliyoanza kucheza AFL mwaka 1991. Port ikakaa nje ya mlango hadi 1997. Showdown ya kwanza ilichezwa Aprili mwaka huo, na Port, wageni wa ligi, wakashinda kwa pointi 11. Crows wakajibu kwa kutwaa ubingwa wa Australia mwaka huohuo, kisha wakaurudia 1998. Port ilisubiri hadi 2004 kuupata wake. Tangu 2014 timu zote mbili zinatumia uwanja mmoja, Adelaide Oval, na mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kuona Simba na Yanga wakigawana majukwaa ya Mkapa hahitaji kuelezwa siku hiyo inakuwaje.

Kwa asiyeujua mchezo: wachezaji ni 18 kila upande, kwenye uwanja wa mviringo mrefu unaoweza kufika mita 185 kutoka goli hadi goli. Robo ni nne, za dakika 20 kila moja bila kuhesabu muda mpira unapokuwa umesimama. Hakuna kuotea. Mpira ni wa ngozi, mrefu, una ncha mbili. Unasafiri kwa teke, au kwa kupigwa ngumi ukiwa juu ya kiganja cha mkono mwingine. Kuurusha ni kosa. Kila mwisho una nguzo nne: teke likipita kati ya zile mbili ndefu, pointi sita, likipita pembeni yake, pointi moja. Halafu kuna sheria iliyozaa ufundi wote ninaousimulia hapa. Mchezaji yeyote, wa timu yoyote, akidaka teke lililosafiri angalau mita 15 bila kuguswa na mtu, mpira ni wake na hakuna ruhusa ya kumvamia. Mpinzani aliye mbele yake anasimama palepale. Mdakaji anavuta pumzi, anatazama mbele, anapiga kwa utulivu wake.

Katika soka, beki anayeucheza kwa kichwa mpira wa juu ameondoa hatari, kisha anamwomba Mungu udondokee miguuni kwa mwenzake. Huku Australia, beki anayedaka amelizima shambulizi la adui na kulianzisha la kwake kwa tendo moja, tena wakati viungo wa upande wa pili wote wamekimbilia mbele na migongo yao iko wazi.

Hata hivyo sifa za udakaji zimekwenda kwa washambuliaji. Picha inayojulikana kuliko zote katika mchezo huu ni ya Alex Jesaulenko wa Carlton, fainali ya mwaka 1970, mbele ya watu 121,696, akiwa amepanda juu ya mabega ya Graeme Jenkin wa Collingwood. (Jesaulenko naye alizaliwa mbali: Salzburg, Austria, mwaka 1945. Mchezo huu, ambao wenyewe huusifu kuwa wa kienyeji kabisa, una deni kubwa kwa watoto wa wakimbizi.) Ni udakaji mzuri mno, sibishi. Lakini mshambuliaji anaurukia mpira aliopigiwa na mwenzake. Beki mkatizaji anadaka mpira uliopigwa na adui, ambaye alikusudia umpite. Kwangu mimi huo ndio ufundi mgumu zaidi, na sehemu yake kubwa haipigwi picha.

Ufundi huo unaanza mapema sana. Crows wana mpira katikati ya uwanja, mita sabini au themanini kutoka goli la Port. Aliir amesimama hatua chache pembeni ya mshambuliaji wake, mwili umegeuka nusu, ili jicho moja limwone mtu na jingine limwone mpigaji. Hatazami mpira. Anatazama nyonga za mpigaji, mabega yake, na zaidi ya yote kichwa chake: kimeinuka au kimeinama?

Teke la kawaida la mchezo huu hupigwa kwa kuudondosha mpira ukiwa wima juu ya kiatu, nao huondoka ukijizungusha kinyumenyume, ncha juu ya ncha. Mzunguko huo ndio unaoufanya uende ulikotumwa. Mpigaji mwenye nafasi huinua kichwa, hunyoosha hatua zake, huushusha mpira taratibu kwa mkono mmoja, na teke lake linamfuata mshambuliaji anayekimbia kifuani pake kabisa. Hapo beki mwenye akili hathubutu kuondoka. Anarudi kwa mtu wake na kupambana naye bega kwa bega. Lakini mpigaji anayefukuzwa, mwenye mtu mgongoni, huinamia upande, mpira humtoka mkononi umelala kidogo, mguu unausindikiza tu. Mpira wa namna hiyo hupanda juu, huchelewa hewani, na huangukia pale pale mipira ya haraka inapoangukia siku zote, mbele ya goli. Aliir huwa ameshaondoka kabla kiatu hakijaugusa.

Teke la mita 50 hukaa hewani sekunde tatu hivi. Ndani ya muda huo inabidi beki akimbie mita kumi na tano au zaidi, akisie mahali mpira utakaposhuka, na, jambo ambalo mashabiki wengi hawalioni, asifike mapema. Ukiwahi, unabaki umesimama chini ya mpira ukiusubiri huku wengine wakija na kasi na kukupanda. Ukichelewa, unafikia kwa ncha za vidole. Inatakiwa hatua ya mwisho iangukie sekunde ya mwisho: mguu mmoja unasukuma, goti la mwingine linainuka mbele kuulinda mwili, mikono inakutana juu ya paji la uso, vidole vimetanuliwa, dole gumba karibu na dole gumba. Mpira unachukuliwa pale mikono inapoishia, si kifuani, kwa sababu kifua ni mali ya yeyote mwenye ngumi. Na kabla ya kuruka, nyonga imeshamgusa mshambuliaji na kumsogeza nusu hatua. Mikono hairuhusiwi kumsukuma mtu mgongoni; nyonga na bega hufanya kazi hiyo kwa siri.

Halafu kuna shaka ya hewani: kudaka au kupangua? Makocha wa zamani walikuwa na jibu moja kwa mabeki: pangua. Ngumi haikosei sana. Tatizo ni kwamba mpira uliopanguliwa unaanguka kwenye nyasi, na nyasi za mbele ya goli ndizo shamba la watu wadogo wenye kasi kama Izak Rankine wa Crows. Kupangua ni kuahirisha. Kudaka ni kumaliza, ila ukiponyokwa hakuna wa kukutetea. Mechi za usiku hutumia mpira wa njano badala ya ule mwekundu wa mchana, na katika baridi ya Julai ngozi yake hupata umande. Hapo hata vidole vilivyozoea mpira huo tangu utotoni huanza kupendelea ngumi. Ninachompendea Aliir ni kwamba yeye huenda na mikono miwili pale ambapo wengi wangekwenda na mmoja. Mara nyingine inamgharimu. Nisingependa aache.

Yule mtu aliyemwacha je? Hapo ndipo hesabu inapokuwa ya wengi. Beki wa pembeni anasogea kumfunika, wa tatu anamfunika aliyeachwa na huyo, wote kwa sauti, bila kumtazama mwenzao usoni. Mkatizaji anacheza kwa mkopo. Na mkopo huo unaanza mbali zaidi, kwa viungo: wao ndio wanaomfukuza mpigaji hadi apige kwa pupa. Takwimu za mwisho wa mchezo humwandikia beki udakaji wote, lakini nusu yake ni jasho la mtu aliyekuwa mita sitini mbele akimkimbiza mwingine bila kumkamata.

Thamani ya kitendo hiki ilionekana wazi kuliko wakati wowote katika fainali ya 2018. Collingwood wanaongoza kwa chini ya goli moja, dakika zinahesabika, wanapeleka teke mbele ili kumaliza kazi. Jeremy McGovern, beki wa West Coast, anajitupa na kulidaka. Pasi chache baadaye mpira uko upande wa pili wa uwanja, Dom Sheed anapiga kutoka pembe mbaya karibu na mstari, na West Coast ni mabingwa kwa pointi tano. Watu wanaikumbuka pembe ya Sheed. Mimi namkumbuka McGovern, kwa sababu bila udakaji ule Sheed asingekuwa na cha kupiga.

Turudi Adelaide. Crows wanajua haya yote, na swali la kiufundi la mechi hii ni watamfanyia nini. Wakiwa na Riley Thilthorpe, jitu la zaidi ya mita mbili, na Darcy Fogarty, hawana shida ya urefu. Njia ya kwanza ni kumpa Aliir mtu asiyetaka mpira: mshambuliaji ambaye kazi yake yote ni kukimbia kwenda pembeni na kumwambia, haya, niache uone. Asipomfuata, pasi fupi inamfikia mtu huyo akiwa peke yake. Akimfuata, mbele ya goli kunabaki wazi. Njia ya pili ni kumgonga kabla hajaruka, mtu mmoja akijitolea kuuzuia mwili wake ili mwingine adake. Njia ya tatu ndiyo bora, nayo haihusu washambuliaji kabisa: kushinda katikati, ili kila teke linaloingia lipigwe na mtu aliyeinua kichwa.

Na hapo anaingia Jordan Dawson, nahodha wa Crows, mguu wa kushoto ambao singechoka kuutazama hata kama angepiga mipira ukutani. Dawson na Aliir walicheza pamoja Sydney kabla ya mmoja kuhamia Port mwishoni mwa 2020 na mwingine kwenda Crows mwaka uliofuata. Dawson anajua beki huyu anasimama wapi na anaondoka lini. Amemwona mazoezini miaka kadhaa. Showdown yake ya kwanza, Aprili 2022, aliimaliza kwa goli baada ya king'ora kulia, Crows wakashinda kwa pointi nne. Mtu wa namna hiyo akipewa sekunde moja ya ziada, ufundi wote niliousifu hapa hauna pa kushika. Ndiyo maana ushindi wa Crows wa Julai 2025, kwa pointi 98, mkubwa kuliko wowote katika historia ya Showdown, hauwezi kubebeshwa mabeki wa Port peke yao. Ukizidiwa katikati kiasi hicho, mpira unaingia safi kila mara, na mkatizaji hana cha kukatiza.

Neno kwa watakaotazama kutoka kwetu. Mechi ya saa moja na nusu jioni Adelaide ni saa saba mchana Nairobi na Dar es Salaam, muda mzuri kabisa. Kamera, hata hivyo, hufuata mpira, na utamwona Aliir mikono ikiwa tayari juu ya paji la uso, kana kwamba ametokea ardhini. Subiri marudio yanayopigwa kutoka nyuma ya goli. Hapo utaona hatua ya kwanza, ile ya kuondoka, mpira ukiwa bado mkononi mwa mpigaji.

Utabiri wangu unategemea robo ya kwanza. Port wakimfukuza Dawson hadi apige bila kutazama, Aliir atadaka mitatu au minne kabla ya mapumziko ya kwanza na mechi itakuwa yao. Ikifika dakika ya kumi hajadaka hata mmoja, amebanwa begani na mtu asiyetaka mpira, basi nawapa Crows, kwa magoli manne au zaidi.