"Vizuri" ni Ngapi? Video za Saileji na Kiswahili cha Maelekezo

MWISHONI mwa Januari, wakati jua la Nakuru limekausha hata nyasi za kando ya mtaro, shemeji yangu anayeishi Bahati alifungua shimo lake la saileji. Alikuwa amelifunika Septemba, akangoja kiangazi kwa utulivu wa mtu aliyejiwekea akiba. Nailoni ilipoinuliwa, sote tulirudi nyuma. Juu palikuwa na ukungu mweupe uliotanda kama pamba. Chini yake majani yalikuwa meusi, yanateleza mkononi, na harufu yake haikuvumilika. Mahindi ya nusu ekari, ambayo angeweza kuyauza yakiwa ya kuchoma au kuyasubiri yawe ya unga, yaliishia kwenye lundo la mbolea. Ng'ombe watatu walibaki wakitutazama.

"Shem, nilifuata kila kitu," aliniambia akininyoshea simu. "Walisema nikate vizuri, nikanyage vizuri, nifunike vizuri. Nikafanya. Sasa wewe mwalimu wa Kiswahili hebu niambie, vizuri ni ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilichofanya ni kumwomba anitumie video alizofuata. Zilikuwa tatu, zote za Kiswahili, zote zinadai kumfundisha mkulima kutengeneza saileji hatua kwa hatua. Nilizitazama usiku huo kalamu mkononi, kama ninavyosahihisha insha.

Mwanafunzi yeyote wa sekondari nchini anajua kwamba maagizo na resipe ni sehemu ya uandishi wa kiuamilifu. Tunamfundisha aorodheshe vifaa, apange hatua kwa mfuatano, ataje vipimo. Akiandika "tia chumvi vizuri", tunamkata alama. Je, ni haki kuipima video kwa rula hiyo hiyo? Mtetezi wa video atasema hapana: picha inajisemea. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hakuna aya itakayoonyesha namna ya kushika panga au kulisha mashine ya kukata majani kuliko sekunde kumi za picha. Kazi za mikono zimefunzwa kwa macho tangu hapo. Msichana wa Rongai anayejifunza kutayarisha mursik hapewi karatasi. Anakaa kando ya mama yake akiona kibuyu kikisuguliwa kwa makaa ya mti, siku baada ya siku.

Ila yule msichana ana kitu ambacho mtazamaji wa video hana: anaweza kuuliza, na akikosea anashikwa mkono. Tena saileji ni kazi ambayo mambo yake makubwa hayaonekani. Malisho hukatwa yangali mabichi, yakafungiwa mahali pasipo na hewa, ili bakteria wageuze sukari yake kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo inayoyahifadhi. Hewa ikibaki ndani, ukungu unastawi. Maji yakizidi, bakteria wa aina nyingine wanashika usukani na malisho yanaoza. Hewa, unyevu na muda: mambo haya matatu kamera haiyaoni. Ni lazima yasemwe. Kwa hiyo swali langu kwa kila video lilikuwa moja: pale picha inapokoma, maneno yanafanya kazi gani?

Video ya kwanza ndiyo aliyoiamini shemeji. Inaanza kwa shamba kupigwa picha kutoka angani, muziki laini, sauti iliyonyooka. Msemaji anasema: "Unakata mahindi yako vizuri, unaweka kwenye shimo, unakanyaga vizuri, halafu unafunika." Picha moja inaonyesha vijana wakimwaga majani; inayofuata inaonyesha shimo limeshafunikwa na magurudumu makuukuu yamepangwa juu. Kati ya picha hizo mbili ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo mhariri wa video alipokata. Hatuambiwi kwamba majani huwekwa kwa matabaka membamba, sentimita 15 hivi, kila tabaka likishindiliwa kabla ya jingine. Hatuambiwi kwamba shimo likianza kujazwa linafaa kufungwa haraka iwezekanavyo, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Shemeji alijaza lake kwa siku nne, kwa sababu mashine ya kukodi ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Katika video, siku nne na saa nne zinafanana.

Tazama pia sarufi yake. Unakata, unaweka, unakanyaga, unafunika: kiambishi -na- kimepanga vitendo vyote kwenye mstari mmoja kama shanga, hakuna kinachotegemea kingine. Kiswahili kina zana nzuri za kuonyesha utegemezi huo. Tuna -sha-: "ukishashindilia tabaka la kwanza". Tuna -ja-: "kabla hujafunika, hakikisha". Tuna neno "mpaka", ambalo humwambia mtendaji aache lini. Msemaji huyu hakutumia hata moja. Badala yake alitegemea "vizuri", neno linalomsifu anayejua tayari na kumwacha gizani asiyejua.

Video ya pili ni ya mtaalamu, na kwa habari zenyewe ndiyo iliyo tajiri zaidi. Anataja unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Anaeleza kwamba kipande cha jani kiwe sentimita mbili au tatu. Ni yeye peke yake anayetenganisha mahindi na napier: napier ina sukari kidogo, kwa hiyo inahitaji molasesi, ilhali mahindi yaliyokatwa kwa wakati ufaao yana sukari ya kutosha. Laiti shemeji angemsikiliza hapo. Alinunua mtungi wa molasesi kwa pesa ambazo zingenunua nailoni ya pili.

Lakini kwa nini hakumsikiliza? Nadhani ni kwa sababu mtaalamu hakuwa akizungumza naye. "Mahindi hukatwa, hushindiliwa, kisha hufunikwa." Hu- ya mazoea ikaungana na kauli ya kutendwa, na mtendaji akatoweka. Hiyo ni lugha ya kitabu: inaeleza jinsi jambo lilivyo, haimwambii mtu afanye nini Jumanne asubuhi. Na ile asilimia 65, mkulima wa Bahati ataipimia nini? Kipimo kisicho na chombo mkononi mwa msikilizaji ni "vizuri" nyingine iliyovaa suti.

Video ya tatu niliifungua bila matumaini. Imepigwa kwa simu inayotikisika, upepo unameza maneno, na mkulima, ambaye anasema yuko Kuresoi, anavunja upatanisho wa kisarufi katika kila sentensi ya pili. Kalamu yangu nyekundu ilianza kuwasha. Kisha akachota konzi ya mahindi yaliyokatwa, akaisogeza karibu na simu:

"Shika hivi. Finya. Finya sana kama unakamua nguo. Sasa wachilia. Ukiona maji inatoka kwa vidole, hiyo bado, mahindi ni mchanga. Ukiona imebomoka yote, imekauka, umechelewa. Ukiona imekaa donge, inafunguka polepole, mkono imelowa kidogo tu, hiyo ndiyo."

Niliirudia mara tatu. Ile asilimia 65 ya mtaalamu imegeuzwa kiganja, na kila mtu ana kiganja. Isitoshe, amepanga hali tatu kwa "ukiona", akataja kufaulu na akataja kukosea kwa namna mbili. Alipofika kwenye kushindilia, hakusema vizuri. Alisema: "Kanyaga mpaka vidole yako isiingie." Hiyo ndiyo "mpaka" niliyoikosa katika video mbili za kwanza. Mahindi ya shemeji, nilipomwuliza, yalikatwa yangali ya kuchoma, punje zake zikitoa maziwa. Alipaswa kungoja punje ziwe ngumu kidogo, zikibonyezwa kwa ukucha zitoe unga laini badala ya maji. Konzi moja ingemwambia.

Tusimpambe mkulima huyu kupita kiasi. Naye ana kosa, na ni kubwa. Hasemi shimo lifunguliwe baada ya muda gani, ilhali wiki tatu ndizo za chini kabisa. Baya zaidi, akigusa kona iliyoota ukungu, anacheka na kusema ng'ombe hatajali. Ng'ombe huenda asijali, lakini sisi tunywao maziwa tunapaswa kujali: kuvu wengine hutoa sumu, na aflatoksini iliyoliwa na ng'ombe huweza kupita hadi kwenye maziwa. Video ya maelekezo inahukumiwa kwa inachoonyesha na pia kwa inachoruhusu. Kwa hilo, mtaalamu, aliyesema waziwazi kwamba sehemu yenye ukungu itupwe, alimshinda.

Nilimwuliza shemeji kama aliitazama hiyo ya tatu. "Niliiona," akasema. "Lakini huyo mzee hata Kiswahili hajui. Ile ya kwanza ndiyo ilikuwa ya watu wamesoma."

Jibu hilo liliniuma, kwa kuwa najua nani alimfundisha hivyo. Sisi walimu wa lugha. Kwa miaka mingi tumempima msemaji kwa ngeli zake, tukasahau kumwuliza kama anayemsikiliza anaweza kufanya alichoambiwa. Sisemi tuache ngeli. "Maji inatoka" bado ni kosa na nitalisahihisha kesho darasani. Nasema usahihi wa umbo na utoshelevu wa maelekezo ni vitu viwili, na tumezoea kuutoza mmoja alama za mwingine. Huko Bahati, gharama ya kosa hilo ilikuwa nusu ekari.

Hapa petu mfano wa kuigwa haukosekani. Kipindi cha Shamba Shape Up, kilichoanza kurushwa kwenye runinga mwaka 2012, kilijengwa juu ya wazo la wataalamu kuingia katika shamba la mkulima halisi na kushughulikia shida zake mwenyewe mbele ya kamera. Anayetazama nyumbani anapata mwakilishi ndani ya picha: mtu asiyejua, ambaye kwa sababu yake mtaalamu analazimika kufafanua. Video tatu nilizotazama hazina mtu huyo. Hakuna anayeuliza "vizuri ni ngapi?" kabla mahindi hayajaoza.

Na msamiati je? Wapo wanaodai Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Lakini "kushindilia" ni sahihi kuliko "kukanyaga", kwa maana unaweza kukanyaga kitu bila kukikaza. "Funga ndi" inabeba kiwango ambacho "funga vizuri" haikibebi. Na kwa saileji yenyewe, baadhi ya waandishi wa kilimo husema malisho "yaliyovundikwa", kutokana na kitenzi kile kile tunachotumia kwa ndizi zinazofunikwa ziive. Napenda neno hilo kwa sababu linakaa jirani na onyo lake. Kuvundika ni kukifunika kitu kwa makusudi ili kiwe tayari. Kuvunda ni kuoza na kunuka. Mkulima akikosea hatua, kilichovundikwa huvunda.

Kwa hivyo, anayetaka kurekodi video ya namna hii na asikilize rekodi yake mara moja kabla ya kuituma. Kila aliposema "vizuri", ajiulize mkono, jicho au pua ingejuaje, kisha aseme hicho. Kila alipokata picha, aseme ni saa au siku ngapi zimepita. Na aonyeshe angalau mara moja kitu kilichoharibika.

Shemeji atajaribu tena msimu huu. Ameniomba nimwandikie hatua kwenye karatasi ya kubandika mlangoni mwa ghala. Niliandika kumi, kwa Kiswahili sanifu, nikampelekea Jumapili. Alisoma kimya, akachukua kalamu, akakata neno kwenye hatua ya saba na kunirudishia karatasi. Nilikuwa nimeandika: "Ziba kingo za nailoni vizuri." Sasa inasomeka: "Rundika udongo juu ya kingo za nailoni mpaka usione hata ncha moja ya nailoni."