Wako Wapi Sasa?

Kuna aina ya habari ambayo kila msharika anaifahamu, hata kama hajawahi kununua gazeti. Huja redioni jioni, huja kwenye simu ya kijana aliyekaa kibarazani mwa duka, huja kwa mdomo wa jirani aliyetoka sokoni Kilosa. Kichwa chake hakibadiliki: wako wapi sasa? Kuna picha ya zamani, mwimbaji kapendeza. Kuna picha ya leo, kakonda au kanenepa. Kisha yanafuata maneno ya kusikitika ambayo ukiyakamua hayatoi hata tone la huruma. Hapa Munisagara tunaipenda habari hii kama wanavyoipenda Dar es Salaam, na tunaifikisha mbali zaidi kuliko gazeti linavyofika.

Tumeona vema tuikague kama tunavyozoea kukagua wimbo wa kwaya kabla ya tamasha: imejengwaje, inasema kweli gani, na inaacha nini.

Tuchukue mfano mmoja ambao wengi wetu wenye umri wa miaka thelathini na zaidi tunaukumbuka. Mwaka 2004 kampuni ya Coca-Cola iliendesha mashindano ya Popstars katika Kenya, Uganda na Tanzania. Mtindo wenyewe ulianzia New Zealand mwaka 1999, ambako kundi la wasichana lililoitwa TrueBliss liliundwa mbele ya kamera, watazamaji wakifuatilia tangu usaili. Kwetu Afrika Mashariki kila nchi ilitoa kundi la watu watatu. Kenya ikapata Sema, Tanzania ikapata Wakilisha. Uganda ikapata wasichana watatu, Cinderella Sanyu ambaye wengi humwita Cindy, Lilian Mbabazi na Jackie Chandiru, wakaitwa Blu*3.

Jambo la kwanza ambalo habari za “wako wapi” hulisahau ni kwamba wasichana wale waliimba vizuri. Anayejua kwaya atatuelewa. Cindy alikuwa na sauti yenye makali, inayokimbia juu ya ngoma bila kuyumba. Lilian ana sauti laini, ya kubembeleza, haina haraka. Jackie ana sauti kubwa inayoweza kujaza ukumbi. Sauti tatu za namna hiyo, za watu waliokutanishwa na majaji wala si na udugu au shule, kwa kawaida hugombana. Zao zilipatana. Sikiliza “Hitaji” au “Frisky” kwa sikio la mwalimu wa kwaya na utasikia kazi, wala si bahati. Wapo wasomaji watakaoshangaa mchungaji anasifu nyimbo za dunia. Tunasifu kazi iliyofanywa vema, na Luther hakutufundisha kwamba fundi viatu wa Kikristo ni yule anayechora misalaba kwenye viatu.

Basi wako wapi? Cindy aliondoka kwanza, wenzake wakaendelea na msichana mwingine mahali pake, na baada ya miaka kadhaa kundi likaisha. Cindy akawa mwimbaji mkubwa peke yake, na amewahi kuwa rais wa chama cha wanamuziki wa Uganda. Lilian aliendelea kuimba. Jackie alitoa nyimbo zilizovuma, mojawapo “Gold Digger”, halafu akaingia katika vita na uraibu ambavyo yeye mwenyewe amevisimulia hadharani. Alipata tiba, akarudi jukwaani.

Hayo ni maisha ya watu watatu. Lakini tazama habari inavyoyapanga. Cindy anakuwa “aliyefanikiwa”, Jackie “aliyeanguka”, naye Lilian anaandikwa zaidi kwa habari ya mwanamume. Alikuwa mzazi mwenza wa Mowzey Radio, mwimbaji wa Kampala aliyefariki tarehe 1 Februari 2018, na tangu siku hiyo ni nadra kukuta habari ya Lilian isiyoanzia kwenye jeneza lile. Mwimbaji mwenye sauti yake na nyimbo zake amepewa kazi moja tu, kulia. Huu ni udhaifu wa uandishi kabla haujawa udhaifu wa maadili. Mwandishi ana vyumba vitatu tu, cha ushindi, cha anguko na cha msiba, na kila mtu lazima alale katika kimojawapo.

Udhaifu wa pili ni mkubwa zaidi. Habari hizi hazimuulizi kamwe aliyeunda kundi. Mashindano yale yalikuwa tangazo la soda. Hatusemi hivyo kwa dharau. Soda tunakunywa, hata kwenye harusi za usharika. Lakini kijana alitolewa kwao, akafanywa sura ya nchi nzima kwa msimu mmoja, na msimu ulipokwisha mabango yakashuka. Umaarufu ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa yule msichana. Anapoonekana miaka kumi baadaye akipita sokoni kama watu wengine tunasema ameshuka. Ameshuka kutoka wapi? Amerudi pale tunapoishi sisi sote.

Nyumbani tulikuwa na Wakilisha: Witness, Shaa na Langa Kileo, wasichana wawili na mvulana mmoja. Wengi bado wanaikumbuka “Hoi”. Nao hawakukaa pamoja muda mrefu. Shaa aliendelea, na “Sugua Gaga” ilichezwa hata kwenye mabasi ya kwenda Mikumi. Witness akashika njia yake katika muziki wa kufoka. Langa alitoa “Matawi ya Juu”, akapotelea katika dawa za kulevya, akatoka, na alipotoka alisimama mbele ya vijana na kuwaambia waziwazi yaliyompata. Alifariki Juni 2013, siku chache baada ya Albert Mangwea kuzikwa Kihonda, hapo Morogoro kwetu. Mwezi ule vijana wengi wa mkoa huu waliomboleza mara mbili.

Tunakumbuka maneno yaliyosemwa wakati ule. Watu wazima, wengine wazee wa kanisa, walisema hayo ndiyo malipo ya muziki wa kidunia. Ilikuwa hukumu ya haraka na ya uvivu. Anayeisema hajiulizi kwa nini Shaa na Witness, waliopita mlango ule ule, hawakupatwa na hayo. Wala hajiulizi kwa nini uraibu umeingia pia katika nyumba ambazo wimbo pekee unaoimbwa ni wa Tumwabudu Mungu Wetu.

Vijana wetu wa kipaimara hukariri Katekisimo Ndogo, na kwenye amri ya nane wengi hukimbia kwa sababu wanadhani inahusu mahakama. Luther hakuiacha iwe nyepesi hivyo. Maelezo yake hayaishii kwenye kutosema uongo juu ya jirani. Yanadai tumtetee, tumseme vema, na jambo lake tulipokee kwa upande wake ulio bora. Weka maelezo hayo mbele ya habari ya “wako wapi sasa” uone kama inasimama. Inaweza isiwe na uongo hata mmoja. Picha ni za kweli, tarehe ni za kweli. Na bado imevunja amri, kwa sababu kila kilichokuwa na pande mbili imekigeuzia upande wake mbaya.

Mtu atasema: basi mnataka tufiche? Hapana. Langa hakuficha, Jackie hakuficha. Kuna tofauti kati ya mtu anayefungua kidonda chake ili mwingine apone na mtu anayemfunua mwenzake ili apate wasikilizaji. Na hapa lazima kanisa liguswe nalo, maana tuna “wako wapi” yetu tunayoiita ushuhuda. Mwimbaji wa zamani akiokoka tunampeleka mkutano kwa mkutano. Tunataka asimulie dhambi, na zikiwa kubwa tunapiga vigelegele zaidi. Akianza kueleza jinsi anavyoishi sasa, kodi ya chumba, mtoto mgonjwa, maombi yanayokauka mdomoni, kiongozi wa ibada anatazama saa. Tunamwalika kwa ajili ya picha ya zamani, kama gazeti. Sisi Walutheri tunakiri kwamba mtu ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja. Ungamo hilo halina nafasi ya picha mbili, ya kabla na ya baada. Ni picha moja, ya leo, yenye vyote viwili ndani yake.

Biblia nayo ina mwimbaji aliyevuma. Miriamu alishika tari baada ya Bahari ya Shamu na wanawake wote wakamfuata kwa kucheza, katika Kutoka sura ya 15. Ukifungua Hesabu sura ya 12 unamkuta ana ukoma, ametolewa nje ya kambi, baada ya kumnenea Musa. Mwandishi wa leo angemaliza hapo. Tari na ukoma, picha mbili zimetimia. Lakini Biblia inaongeza jambo ambalo mahubiri mengi hulipita mbio: watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa ndani. Siku saba. Kambi nzima, yenye watoto, mifugo na kiu, ilikaa jangwani ikimngoja mwanamke mmoja aliyekosa. Hatuambiwi kwamba alishika tena tari. Sura ya 20 inasema tu kwamba alifia Kadeshi akazikwa huko, kwa mstari mmoja. Hakuna anayeuliza kwa nini hakuimba tena.

Jambo hili si la mbali na bonde letu. Reli ya kati imepita hapa tangu wakati wa Wajerumani, ikifuata mto Mkondoa, na mto umeikata mara nyingi; mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 hayajasahaulika Kilosa. Sasa kuna treni ya umeme, na kutoka Kilosa kijana anafika Dar es Salaam akiwa bado na joto la chai ya asubuhi tumboni. Tuna wasichana katika kwaya ambao wanaimba sauti ya kwanza kwa namna inayotufanya tusahau matangazo yanayofuata. Wataondoka, wengine wamekwisha kuondoka. Mmoja wao atasikika redioni, labda. Walio wengi wataimba kwenye kumbi za harusi kwa mwaka mmoja au miwili, kisha watafanya kazi nyingine, kisha baadhi watarudi, pengine na mtoto mgongoni.

Anayerudi hukuta habari yake imekwisha kuandikwa. Imeandikwa kisimani, imeandikwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Jumapili ya kwanza anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na kwaya inaimba wimbo anaoujua wote, na hakuna anayegeuka. Tumeyaona haya zaidi ya mara moja. Si kwamba watu ni wabaya. Wanamwonea haya kwa niaba yake, jambo ambalo hakuwaomba.

Kinachotusumbua ni ule ujuzi unaopotea hapo nyuma. Msichana aliyeimba miaka miwili na bendi ya mjini anajua kutumia kipaza sauti bila kukimeza. Anajua kupumua katikati ya ubeti mrefu, anajua kumsikiliza mpiga gita na kupunguza sauti mwenzake anapopanda. Waalimu wetu wa kwaya wangetembea hadi Kidete kwa miguu kupata mtu wa kuwafundisha hayo. Yupo benchi la nyuma, tunamjua kwa jina la mama yake, na mazoezi ni kila Jumatano na Jumamosi saa kumi alasiri.