Tangazo la Taa na Maneno ya Mekoni

Tangazo la taa ya infraredi, la aina inayosambazwa kwa simu mpaka vijiji kama Kasanda, kwenye nyanda za juu za Kigoma, limejengwa kwa ustadi. Linaanza na orodha: mgongo, magoti, shingo, ganzi, uchovu, kukosa usingizi. Imerefushwa kwa makusudi, ili kila anayesoma ajikute humo. Kisha vinafuatana vitenzi vya hali ya mazoea: husaidia, huchochea, hupunguza. Havina nafsi wala wakati. Nani alipona, lini, baada ya dakika ngapi? Sentensi ya namna hiyo haishindwi, maana haikuahidi kitu kinachopimika.

Miale yenyewe haistahili dharau. Mwaka 1800 William Herschel aliweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu ya mwanga uliopita kwenye mche wa kioo, nacho kikapanda mahali ambapo jicho halikuona kitu. Joto hilo linatanua mishipa ya damu na kulegeza misuli iliyokaza. Nafuu yake ni ya kweli, ingawa mara nyingi ni ya muda. Ndilo joto la mafiga, analoliota mzee asubuhi ya baridi.

Sasa sikiliza maneno ya mekoni: "Rudi nyuma kidogo. Geuza mguu. Basi, inatosha." Ni amri fupi, na kila moja imebeba kipimo: umbali, upande, muda. Mtaalamu wa fiziotherapia anazungumza kwa umbo hilohilo: taa ikae nusu mita au zaidi kutoka mwilini, kwa dakika 15 hadi 20, na kabla ya kuiwasha ngozi ijaribiwe kama inahisi moto na baridi. Mwenye kisukari au ukoma aliyepoteza hisia anaweza kuungua bila kujua. Hapo ndipo tangazo linaponitisha. Limeiweka ganzi miongoni mwa yale linayodai taa inasaidia; mtaalamu anaiweka miongoni mwa sababu za kutowasha taa kabisa. Na hata mwenye hisia kamili, akikaa karibu na moto kila siku kwa miaka, miguu yake inaweza kupata madoa yaliyosukwa kama wavu.

Ukiletewa taa hiyo, muulize muuzaji: umbali gani, dakika ngapi, nani asiitumie? Akikujibu "husaidia", usitoe pesa yako. Nenda zahanati ukachunguzwe chanzo cha maumivu.