Mwanafunzi wa Udereva Ndani ya Gari la Haibridi

Hakuna dereva anayesimama mara nyingi kama mwanafunzi. Anaondoka taratibu, anasogea mita chache, anasimama kumsikiliza mwalimu, anarudi nyuma, anaanza upya. Kwa gari la kawaida la petroli, huo ndio mwendo unaotafuna mafuta kuliko yote, kwani injini huunguruma hata gari likiwa limetulia. Gari la haibridi liliundwa kwa ajili ya mwendo wa namna hiyo hasa.

Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997. Mwaka 2011 ikafuata Aqua, gari dogo ambalo wakazi wa Nairobi wanalifahamu vizuri: injini ya lita 1.5 ikishirikiana na mota za umeme. Likisimama, injini huzimika. Likiondoka polepole, mota peke yake hulisukuma. Hata kiyoyozi huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo maelezo marefu ya mwalimu kwenye jua la mchana hayachomi petroli mfululizo.

Faida kubwa zaidi iko kwenye breki. Gari la kilo 1,200 likienda kilomita 40 kwa saa hubeba nishati ya mwendo ipatayo kilojuli 74, na breki za kawaida huigeuza yote kuwa joto. Tukichukulia kwamba ni robo tu ya nishati ya petroli inayofika kwenye magurudumu, kulirudisha gari kwenye mwendo ule kutagharimu karibu mililita 9 za mafuta, yaani vijiko viwili vya chai, na gramu 20 hivi za kaboni dioksidi. Kwenye haibridi, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye betri.

Sehemu tu, na ukubwa wake unategemea mguu wa dereva. Breki ya upole iliyoanza mapema huipa mota muda wa kuvuna. Breki ya ghafla huziachia pedi na diski kazi. Kwenye dashibodi ya Aqua kuna kipimo chenye eneo la CHG, yaani kuchaji, na mwanafunzi huona kiashiria kikiingia humo anapokanyaga breki kwa utulivu. Somo hilo ni la thamani kubwa, maana atalibeba hadi kwenye gari lolote atakaloendesha baadaye. Uingereza ililitambua hilo: tangu 2008 watahini wake huangalia pia uendeshaji unaookoa mafuta, ingawa kipengele hicho hakimwangushi mtu.

Uwanjani, kwenye mazoezi ya kuegesha, hakuna cha kuvuna: mwendo ni mdogo mno. Kinachookolewa pale ni petroli ya injini iliyozimwa, mpaka betri ipungue na injini iwake kuichaji. Asubuhi pia huwaka ili ijipashe moto.

Kikwazo halisi ni leseni. Haibridi za aina hii hazina klachi, na Kenya ina daraja la B1 kwa magari madogo ya otomatiki. Anayetafuta kazi ya kuendesha gari la gia za mkono bado anahitaji klachi. Shule inaweza kuanzia kwenye haibridi, mwanafunzi azoee barabara, alama na breki, kisha imhamishie kwenye gari la gia.

Na ichunge tundu la hewa ya kupoozea betri, pembeni mwa kiti cha nyuma. Begi la mwanafunzi anayesubiri zamu likiliziba, au vumbi likijaa kwenye kichujio, betri hupata joto na kuchakaa mapema.