Mila mdomoni, vya ng'ambo mezani

Hapa Mulekera, sawa na Butembo, hakuna sherehe yenye haianzi na sifa za mila. Kwenye ndoa tunahesabu mbuzi za mahari, wazee wanasema Kinande safi, vijana wanapiga makofi. Kisha tunaitwa kula. Mezani tunakuta nini? Mchele wa magunia kutoka Asia, juisi ya unga, sahani za plastiki: vitu vyenye kupitia Kasindi. Kasiksi yenyewe imefichwa nyuma ya nyumba, kwa wapishi, kama kitu cha haya.

Desturi hiyo tunailaumu. Mila si maneno na nyimbo tu, ni kazi pia. Kasiksi inadai kuivisha ndizi, kuzikamua kwa majani, kuchanganya maji yake na unga wa mtama uliokaangwa, na kungojea. Mtengenezaji akikosa wanunuzi ataacha, na mtoto wake hatajua tena. Ni vilevile kwa mwenye kusuka vikapo na mwenye kufinyanga vyungu.

Kahawa njo inatuhukumu zaidi. Arabika ya Ruwenzori na ya Lubero inavuka mpaka, na sisi tunakoroga kahawa ya kopo. Kakao nayo inatoka Beni ikiwa mbegu kavu, ijapokuwa kiwanda cha chokoleti cha Mutwanga kimeonyesha kwamba inaweza kugeuzwa hapahapa.

Wengine watajibu: cha nje ni bei rahisi. Mara nyingi ni kweli, maana njia mbovu na vizuizi vya barabarani vinapandisha bei ya mkulima. Wazalishaji wetu pia wana kosa: mchele wenye mawe, chupa zisizooshwa vizuri. Hatuwaombei huruma, wanapashwa kusafisha kazi yao. Lakini tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, kwenda shambani pande za Beni ni kuhatarisha maisha. Mama mwenye kuleta ndizi sokoni amelipa bei ambayo haiandikwi kwenye gunia lolote.

Basi, kamati za sherehe zianze na jambo dogo: kabla ya kutuma mtu kwenye alimantasio, zipite kwanza soko la Kilokwa. Kasiksi iwekwe mbele, kwenye meza ya wakubwa. Mgeni akirudi kwake bila kuonja cha kwetu, tumemwonyesha mila gani?