Faida ya Dagaa Iliyolala Bunda

Biashara ya dagaa Musoma inafuata mwezi wa angani. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukipevuka mavuno hushuka na mwaloni, dagaa wanakoshushwa, kunapoa. Giza likirudi, anayenunua ni yule aliye na fedha mkononi. Kwa hiyo mfanyabiashara wa hapa ana maswali mawili: nimepata faida, na nina shilingi ngapi leo? Daftari la mauzo peke yake halijibu hata moja.

Tuchukue mfano, kwa tarakimu nilizozipanga ziwe rahisi kufuata. Mama mmoja ananunua dagaa mwaloni Mwigobero, anawaanika, anauza rejareja Musoma mjini, na magunia mengine anayapeleka kwa wenye maduka wa Bunda na Butiama kwa mali kauli, yaani wanamlipa baadaye. Anaanza mwezi na taslimu Sh1,000,000, dagaa stoo wa Sh400,000, mizani na maturubai ya Sh200,000. Kikundi chake cha kuweka na kukopa, VICOBA, kinamdai Sh600,000. Jumla ya mali ukitoa deni, mtaji wake ni Sh1,000,000. Hiyo tayari ni mizania, hata ikiandikwa nyuma ya daftari la shule.

Mwezi ukaisha. Ameuza Sh2,400,000, amenunua mzigo wa Sh1,700,000. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya: wanatoa manunuzi kwenye mauzo, wanasema faida ghafi ni Sh700,000. Wamesahau magunia ya mwezi uliopita, ambayo nayo yameuzwa. Hesabu sahihi ni stoo ya mwanzo, ongeza manunuzi, toa kilichobaki stoo, tuseme Sh300,000. Dagaa waliouzwa walimgharimu Sh1,800,000. Faida ghafi ni Sh600,000. Toa usafiri, ushuru, vibarua wa kuanika na riba, vyote Sh280,000. Faida halisi ni Sh320,000. Mwezi mzuri, na anastahili kuufurahia.

Ila kwenye pochi kuna Sh70,000.

Hakuna aliyeiba. Katika mauzo yale, Sh900,000 ni za mali kauli. Taslimu iliyoingia ni Sh1,500,000. Zikatoka Sh1,700,000 za mzigo, Sh280,000 za gharama, Sh200,000 za kupunguza mkopo, na Sh250,000 za ada na matumizi ya nyumbani. Mkopo uliorejeshwa na fedha ya nyumbani havionekani kwenye hesabu ya faida, kwa kuwa si gharama za biashara, lakini vinatoka kwenye pochi ileile. Kuonyesha fedha hizo zinazoingia na kutoka ndiyo kazi ya taarifa ya mtiririko wa fedha, na kwa maoni yangu mwenye biashara ndogo aanze kuizoea hiyo kabla ya nyingine zote.

Mizania mpya inaonyesha fedha ziliko: taslimu Sh70,000, stoo Sh300,000, vifaa Sh200,000, wadaiwa Sh900,000. Deni la VICOBA limebaki Sh400,000, mtaji umefika Sh1,070,000. Amekua, lakini zaidi ya nusu ya mali yake iko kwenye maduka ya watu.

Kumbukumbu za hesabu zinamfaa mfanyabiashara hata mbele ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo zaidi ya huyu, mwenye mauzo ya Sh6,000,000 kwa mwaka, alitozwa Sh100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye nazo alitozwa asilimia 3 ya kinachozidi Sh4,000,000, yaani Sh60,000.

Turudi kwa mama yetu. Tarehe za kulipwa azipange kwa mwezi wa angani, siku chache kabla ya giza, akubaliane nazo na wenye maduka siku anayoshusha mzigo. Akikusanya Sh400,000 tu kati ya zile Sh900,000, faida yake haibadiliki hata senti moja, lakini anaingia mwaloni na Sh470,000.